Bagamoyo hadi Ujiji: gari, treni, basi au baiskeli?

Njia ya kati ya misafara ya pembe za ndovu na watumwa ina urefu wa karibu kilomita 1,200, kutoka ufukwe wa Bagamoyo hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Mwaka 2006 Tanzania iliiweka kwenye orodha ya awali ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, ikataja vituo sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857, wakaingia Kaze, yaani Tabora ya leo, mwezi wa Novemba, na Ujiji Februari 1858. Siku hizi mtu anaweza kuimaliza kwa siku mbili, tena asione kitu.

Usafiri upo wa kutosha. Kinachowasumbua wanaopanga safari hii ni kwamba kila usafiri una njia yake, na hakuna hata mmoja unaofuata nyayo za wapagazi mwanzo hadi mwisho. Misafara yenyewe haikuwa na njia moja. Kati ya pwani na Mpwapwa kulikuwa na matawi. Moja lilipanda Bonde la Mkondoa, upande wa Kilosa, nalo ndilo alilopita Burton, na baadaye, mwaka 1871, mwandishi wa habari Stanley akimtafuta mmisionari Livingstone. Jingine lilipita kaskazini zaidi, milima ya Ukaguru, kupitia Mamboya. Reli ilichukua tawi la kwanza. Barabara ya lami ya Morogoro–Dodoma iko jirani na la pili. Kwa hiyo ukikata tiketi ya treni au ukiwasha gari, tayari umechagua tawi, hata kama hukujua.

## Tunapima nini

Kila usafiri hapa umepimwa kwa mambo matano. Kwanza, unafika vituo vingapi kati ya vile sita, na kwa usumbufu gani. Pili, siku zinazohitajika. Tatu, pesa. Nne, unaona nini katikati, kwa sababu nusu ya historia ya njia hii haimo kwenye majengo: imo kwenye ukame wa Ugogo, nchi ya Wagogo upande wa Dodoma, na vichaka vya Mgunda Mkali kati ya Itigi na Tura. Tano, nini huharibika njiani na kwa nini.

Jambo moja haliangalii usafiri: majira. Bara ya kati ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Pwani masika ni Machi hadi Mei. Juni hadi Oktoba ndicho kipindi cha safari hii. Oktoba joto hukaza, na mwendesha baiskeli ataliona mapema kuliko wengine.

## Vituo sita, kwa ufupi na bila kutia chumvi

Havilingani, na ni vizuri kulijua hili kabla ya kuamua kwamba lazima ufike vyote.

Bagamoyo inahitaji siku nzima. Pana Ngome Kongwe, Karavanserai (nyumba ya kupumzikia misafara), Boma la Wajerumani, na misheni ya Kikatoliki iliyoanzishwa 1868 yenye makumbusho yake na mnara ambamo mwili wa Livingstone ulilazwa Februari 1874 kabla ya kuvushwa Zanzibar. Magofu ya Kaole yako kama kilomita 5 kusini mwa mji. Ukienda asubuhi ya Jumapili, kumbuka kwamba misheni ni kanisa linalosaliwa.

Mamboya ni kijiji cha milimani wilayani Kilosa, palipokuwa na kituo cha CMS, shirika la wamisionari wa Kianglikana. Usitegemee mtu wa kukukatia tiketi wala kibao cha maelezo. Utahitaji mwenyeji wa kukuonyesha. Mpwapwa ndipo matawi yalipokutana na misafara ikapumzika na kujaza maji kabla ya kuingia Ugogo. CMS walifika hapo miaka ya 1870, na Wajerumani wakajenga ngome 1889. Kilimatinde imekaa juu ya ukingo wa Bonde la Ufa. Mtu aliyetoka chini Bahi akisimama pale anaelewa mara moja kwa nini Wajerumani nao waliweka boma.

Kwihara, kilomita chache kusini mwa Tabora mjini, ina tembe ya Livingstone, nyumba ya Kiswahili-Kiarabu iliyojengwa upya kwa umbo lake. Livingstone aliachana na Stanley hapo Machi 1872, akangoja wapagazi wapya hadi Agosti. Ujiji, jirani na Kigoma mjini, kuna makumbusho na mnara wa ukumbusho mahali walipokutana Novemba 1871, chini ya miembe inayosemekana kutokana na ule wa awali.

Kwa uamuzi wetu, Bagamoyo, Kwihara na Ujiji zinamtosha mtu anayetaka majengo na maelezo. Mamboya, Mpwapwa na Kilimatinde ni za anayetaka kuielewa ardhi. Ada za makumbusho na mambo ya kale hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali, na raia hulipa chini ya mgeni, kwa hiyo kitambulisho kisikae kwenye begi la chini kabisa.

## Gari

Vituo. Vyote sita. Ni usafiri pekee unaofanya hivyo bila kukodi kingine. Bagamoyo hadi Msata ni kilomita 64 za lami, kisha unashuka Chalinze, Morogoro na Dumila. Kati ya Dumila na Gairo unaacha lami kuingia Mamboya. Mbele ya Kibaigwa, pale Mbande, unakata kushoto kwenda Kongwa hadi Mpwapwa, kama kilomita 50. Kilimatinde iko kusini-mashariki ya Manyoni, safari isiyozidi saa moja.

Siku. Tisa ni za raha: moja Bagamoyo; moja hadi Morogoro; moja Mamboya na kulala Kongwa au Mpwapwa; moja kufika Dodoma baada ya kuzunguka Mpwapwa asubuhi; moja Kilimatinde na kulala Manyoni; moja hadi Tabora (kilomita 260 hivi); moja Kwihara; moja hadi Kigoma; moja Ujiji. Ukipunguza, utakayoikata ni Mamboya, kisha Kilimatinde, na ukishazikata hizo mbili huna tena sababu kubwa ya kuwa na gari.

Pesa. Barabara ni kama kilomita 1,250, na michepuko hufikisha 1,450. Gari linalokula lita moja kwa kilomita 10 litahitaji lita 145. Hesabu hiyo ni ya kwenda tu. Gari lazima lirudi, na hapo ndipo bajeti nyingi hupasuka: ongeza lita 125 au zaidi, siku mbili au tatu za barabarani, na kama ni la kukodi, posho na malazi ya dereva kwa siku zote hizo. Chukua bei elekezi ya mafuta ya mwezi husika, inayotolewa na EWURA (mamlaka inayodhibiti bei hizo), uzidishe kwa lita. Watu wanne wakigawana, gari hushindana vizuri. Mtu mmoja peke yake analipa anasa.

Katikati. Unasimama utakapo. Faida hiyo huonekana zaidi baada ya Itigi, pale barabara inapoingia vichaka vinavyobanana ambavyo misafara iliviita Mgunda Mkali. Wapagazi walivipita kwa terekeza, mwendo wa kuanzia mchana hadi usiku na kulala kavu, kwa sababu visima vilikuwa mbali mno. Dereva hupita hapo kwa saa tatu na kiyoyozi. Simama Tura, ulikokuwa mwisho wa mateso hayo na mwanzo wa mashamba ya Unyamwezi, ushuke, uzime injini. Dakika kumi zitakutosha, na mbung'o watakukumbusha kuondoka.

Kinachoharibika. Lami imefika karibu kote, lakini vipande vya magharibi ya Kaliua, hasa kati ya Malagarasi na Uvinza, vilichelewa kuliko vingine. Uliza madereva wa malori Tabora siku moja kabla. Michepuko ya vumbi huziba chujio la hewa na kulegeza nati za shokapu. Kwenye udongo mweusi wa mbuga, mvua moja ya saa mbili inatosha kulikalisha gari la magurudumu mawili ya kuvuta, maana udongo ule hujaza kashata za tairi na tairi kubaki laini kama bomba. Beba tairi mbili za akiba kama unaingia Mamboya na Kilimatinde, jeki pamoja na ubao wa kuiwekea, na feni belti ya ziada. Jaza mafuta Manyoni. Usingoje kuyatafuta kati ya Itigi na Tabora. Na kwenye vijiji ni kilomita 50 kwa saa. Tochi za polisi za kupima mwendo zipo, na faini ya Sh 30,000 ikirudiwa mara tatu ni chumba cha usiku mmoja na chakula.

Inamfaa nani. Familia, kundi la watu watatu hadi watano, wazee wasioweza kupanda bodaboda, mpiga picha mwenye mizigo, na yeyote aliyeapa kufika Mamboya.

## Treni

Hapa kuna treni mbili, na wengi huchanganya. Ya kwanza ni SGR, treni ya umeme ya reli mpya, iliyoanza kubeba abiria hadi Dodoma Julai 2024. Ya pili ni treni ya reli ya zamani, ile iliyofika Dodoma 1910, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Kufika Ujiji kwa reli lazima upande ya zamani, angalau kuanzia Dodoma.

Vituo. Inagusa vinne kati ya sita, na vyote vinne kwa kuunganisha. Kwa Mpwapwa unashuka Gulwe, kisha bodaboda au gari la mji, umbali usiozidi kilomita 20. Kwa Kilimatinde unaweza kushuka Saranda, iliyo chini ya ukingo, lakini Manyoni ni salama zaidi kama treni inachelewa, kwa sababu kuna nyumba za kulala wageni na bodaboda hadi usiku. Tabora na Kigoma ni miji, Kwihara na Ujiji zinafikika kwa bajaji au daladala. Bagamoyo inabaki nje kabisa: ifanye safari ya siku moja kutoka Dar es Salaam kwanza. Mamboya, isahau.

Siku. Dar hadi Dodoma kwa SGR ni kama saa tatu na nusu. Dar hadi Kigoma kwa treni ya zamani ni karibu siku mbili bila kushuka, ikienda vizuri. Lakini treni ya Kigoma haiondoki kila siku, na hii ndiyo hesabu inayowatoa watu jasho: ukishuka Tabora kuona Kwihara, utangoja treni inayofuata kwa siku kadhaa, au uendelee kwa basi. Panga siku 7 hadi 10, na uamue mapema ni kituo kimoja kipi utakachoshukia na kungojea. Wengi wanafanya vizuri zaidi kwa kuchagua Tabora.

Pesa. Nafuu. SGR ilipoanza, nauli ya daraja la kawaida Dar–Dodoma ilikuwa Sh 31,000, na Dar–Morogoro Sh 13,000. Treni ya zamani ina daraja la tatu, la pili kukaa na la pili kulala. Kitanda kinaokoa pesa ya gesti ya usiku mmoja au miwili, ila huisha mapema, na anayepandia katikati ya njia hupata shida zaidi kuliko anayeanzia Dar.

Katikati. Hili ndilo eneo ambalo treni huishinda barabara waziwazi. Kati ya Kilosa na Gulwe reli inabana kando ya Mto Mkondoa, mle mle misafara ilimopita ikivuka maji mara kwa mara. Barabara ya lami haioni chochote cha bonde hilo. Lakini angalia saa: treni ya zamani ikitoka Dar jioni hulipita bonde usiku. Ukitaka kuliona, panda SGR ya mchana, uvumilie mahandaki ya Kilosa yanayokukatia picha, kisha ya zamani uipandie Dodoma. Kutoka Dodoma mambo hugeuka. Treni ya zamani ikienda kwa ratiba hupita Bahi, Saranda na Itigi mchana. Panapo Saranda inajikokota kupanda ukingo wa Bonde la Ufa, na abiria wana muda wa kuona nchi ikishuka nyuma yao huku wachuuzi wakiinua sahani hadi dirishani.

Kinachoharibika. Maji. Mkondoa ukifurika husomba tuta, na kipande cha Kilosa–Gulwe cha reli ya zamani kimekatika mara nyingi katika misimu ya mvua. Kati ya Januari na Aprili usiweke miadi ya ndege Kigoma kwa kutegemea treni. Shida ya pili ni ndogo ila hukera: watu hupanga SGR ifike Dodoma na treni ya zamani iondoke saa mbili baadaye. Ratiba hizo hazikupangwa kungojana. Weka usiku mmoja Dodoma katikati. Kwa SGR tiketi hukatwa kwa jina na kitambulisho, treni huondoka kwa dakika, na ukaguzi wa mizigo hufunga mapema. Fika saa nzima kabla. Pia soma aina ya treni kabla ya kulipa, maana ya haraka haisimami vituo vidogo kama Gulwe.

Inamfaa nani. Msafiri wa peke yake au wawili, mwenye subira, mwenye mzigo mwepesi, anayependa kukaa na watu. Mwanafunzi wa historia pia, kwa sababu reli yenyewe ndiyo iliyoua misafara: gari moshi lilipofika Tabora, kubeba frasila mbili begani hadi pwani hakukuwa na maana tena.

## Basi

Vituo. Vitano bila shida, na Mamboya kwa bodaboda kama umepata ya kuaminika kutoka barabara kuu. Bagamoyo kuna daladala kutoka Makumbusho, Dar es Salaam. Kutoka Bagamoyo usirudi Dar: chukua gari dogo la Msata, kisha Chalinze, na hapo mabasi ya bara yanapita. Kwa Mpwapwa shuka Mbande au endelea Dodoma upande gari la Mpwapwa.

Siku na pesa. Siku 8 hadi 10 kwa kulala kila mji. LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, ilipopanga nauli Desemba 2023, kikomo cha basi la kawaida kilikuwa Sh 48.47 kwa kilomita, yaani kama Sh 60,600 kwa kilomita 1,250, na zaidi kidogo kwa sababu unaikata safari vipandevipande. Hakuna kinachoishinda kwa bei hiyo huku kikikupa uhuru wa kuondoka kesho asubuhi badala ya kungoja siku ya treni.

Katikati. Hafifu. Pazia limefungwa, muziki juu, na basi la moja kwa moja Dar–Kigoma linapita sehemu nzuri gizani tangu mabasi yaliporuhusiwa kusafiri usiku. Dawa ni kukataa mabasi ya mbali na kuchukua ya mji hadi mji, yanayoondoka alfajiri. Kaa upande wa kushoto ukielekea magharibi: jua la mchana wa kipupwe liko kaskazini kidogo, yaani kulia, na dirisha la kushoto ndilo linaloelekea milima ya Rubeho. Kwa kifupi, unapata kivuli na milima pamoja.

Kinachoharibika. Mwenyewe, zaidi ya basi. Siku tatu za kuamka saa 10 alfajiri humchosha mtu hadi anafika Kwihara hataki kushuka kwenye bajaji. Weka siku ya mapumziko Tabora. Na ukielekea Kigoma, ukaguzi wa uhamiaji barabarani ni wa kawaida. Kitambulisho au pasipoti iwe mfukoni.

Inamfaa nani. Mwenye bajeti ndogo na siku zisizozidi kumi, na anayependa kubadilisha mpango kila jioni.

## Baiskeli

Vituo. Sita, kwa jasho. Kupanda Mamboya, kisha Kilimatinde, si mchezo: kutoka tambarare ya Bahi hadi Manyoni unainuka zaidi ya mita 300, mwingi wa mwinuko huo ukiwa kwenye mlima mmoja.

Siku. Kwa wastani wa kilomita 80 kwa siku ni siku 16 za kukanyaga, ongeza 5 za mapumziko na vituo: wiki tatu. Anayesema wiki mbili hajaihesabu Mgunda Mkali.

Pesa. Chakula, gesti za vijijini, na nauli ya kurudi ukiwa na baiskeli. Kwenye treni ya zamani hukatiwa kama kifurushi. Kwenye basi unapatana na kondakta kabla ya kupanda, si baada ya kufungwa chini.

Katikati. Kila kitu. Ni usafiri pekee unaokufanya uulize swali lile lile la wapagazi kila asubuhi: maji yanayofuata yako wapi? Ugogo misafara ililipa hongo, yaani ushuru wa kupita, kwa watemi ili ipite na ichote maji, na wasafiri wa Kizungu waliandika kwa hasira kuhusu hilo. Mtu anayekanyaga baiskeli kutoka Dodoma kwenda Bahi mwezi wa Septemba huwaelewa watemi vizuri zaidi.

Kinachoharibika. Hapa tukae kidogo.

Tairi kwanza. Baiskeli za mlimani zenye ringi ya inchi 26 zina tairi na tyubu katika miji yote ya njia hii. Za kisasa za 29 hazina. Kosa la wageni ni kuona tairi la inchi 28 la Phoenix dukani na kudhani litaingia kwenye ringi yao ya 700C. Haliingii: la Phoenix lina kipenyo cha kukalia ringi cha milimita 635, la 700C ni 622, basi litapwaya na kuchomoka. Kama unakuja na 700C au 29, beba tairi moja la kukunjwa na tyubu nne. Solushoni na viraka utapata kwa fundi yeyote chini ya mwembe.

Mibigiri ndiyo adui wa Dodoma na Singida. Haipo kwenye lami, ipo pembeni, pale unapojitupa lori likikupigia honi. Pancha nyingi huanza hivyo. Kagua tairi kwa kidole kila unaposimama, ung'oe mwiba kabla haujafika ndani.

Kuhusu malori: kipande cha Chalinze–Morogoro hubeba mizigo mingi ya Zambia, Kongo na bara. Hapo hatuoni aibu kushauri uweke baiskeli kwenye basi hadi Morogoro, au hata Dumila. Hakuna kituo cha njia hii unachokosa.

Maji: lita 5 hadi 6 kwa siku ya kawaida, 8 hadi 10 kati ya Itigi na Tura. Chaya na Tura ni vituo vya kujazia. Usipite kimojawapo kwa sababu bado una nusu chupa. Mbung'o huvutwa na nguo nyeusi na za buluu iliyoiva, hivyo vaa khaki au kijivu. Panda baiskeli saa 12 asubuhi, pumzika kuanzia saa 6 mchana hadi saa 9, na saa 12 jioni uwe umeshafika. Ukilazimika kulala kijijini bila gesti, nenda kwanza kwa mwenyekiti au mtendaji wa kijiji ujitambulishe. Kupiga hema porini kimyakimya ndiko kunakoleta mgambo usiku.

Inamfaa nani. Mwenye mwezi mzima, aliyezoea kukanyaga kilomita 80 siku nne mfululizo, na anayejua kuziba pancha gizani.

## Je, kwa miguu?

Njia nzima ni siku 60 hadi 70 kwa kilomita 20 kwa siku, na sehemu kubwa ungetembea kandokando ya lami ukila moshi wa malori. Hatuishauri. Lakini chagua usafiri wowote, kisha tembea vipande vinne: Bagamoyo–Kaole kwa maji kupwa, vilima vya kuzunguka Mpwapwa, Kilimatinde kushuka kuelekea Saranda ukiwa na mwenyeji, na Tabora–Kwihara asubuhi. Mwezi wa Novemba na Desemba kipande hicho cha mwisho kinapita chini ya miembe iliyozaa, na hakuna atakayekukataza kuokota.

## Uanzie upande gani

Wengi huanzia pwani kwa mazoea ya vitabu vya Wazungu. Kwa baiskeli ni sahihi kwa sababu ya upepo: kiangazi huvuma kutoka kusini-mashariki, unakusukuma kuelekea magharibi. Kwa treni, basi na gari hakuna sababu hiyo. Pembe na watumwa vilikwenda pwani, si bara, na mwili wa Livingstone nao ulibebwa na Chuma, Susi na wenzao kuelekea huko huko, ukapita Unyanyembe (eneo la Tabora) hadi Bagamoyo. Anayeanzia Ujiji anaimaliza safari baharini, mahali ambapo mateka waliona maji ya chumvi kwa mara ya kwanza. Kwa msomaji wa Bujumbura, Uvira au Kalemie huu ndio mwelekeo wa kawaida kabisa: unaingia Kigoma kwa Manyovu au kwa ziwa, na njia iliyoendelea hadi Kasongo na Maniema upande wa Kongo inakuwa nyuma yako.

## Kwa hali yako

Una wikiendi ndefu tu: usiikimbize njia nzima. Bagamoyo siku moja, SGR hadi Dodoma, gari la Mpwapwa, rudi. Umepata mwanzo wake na lango la Ugogo.

Una wiki moja, uko peke yako: Bagamoyo, SGR, kisha basi la mji hadi mji hadi Kigoma, na ndege ya kurudi Dar. Treni ya zamani iache mpaka uwe na siku za kungoja.

Una siku kumi na kitabu cha kusoma: SGR hadi Dodoma, treni ya zamani hadi Tabora, siku tatu za Kwihara na mji, treni inayofuata hadi Kigoma.

Mnasafiri watu wanne au mna mzazi mwenye magoti mabovu: gari, siku tisa, na kwa kurudi dereva alirudishe gari huku ninyi mkipanda ndege, kama mfuko unaruhusu.

Unapeleka wanafunzi: basi la kukodi kwa Bagamoyo na Kaole, au Kwihara kama shule iko kanda ya magharibi. Vituo vya kati ni vigumu kwa kundi la watoto 40, vyoo na maji havitatosha.

Una mwezi na miguu yenye nguvu: baiskeli ya inchi 26, Julai, kutoka Bagamoyo.

Ni Machi na likizo haihamishiki: basi la lami tupu, bila Mamboya wala Kilimatinde, na akiba ya siku mbili kwa ajili ya daraja litakalokuwa chini ya maji.